Mwanga Uliobaki

Liudvika Petkuvienė aligundua kwamba jicho lake la kulia limeharibika siku ya kuwakumbuka wafu, alipoinama kuwasha mshumaa kwenye kaburi la mumewe. Makaburi yote ya jiji la Vilnius yalikuwa yakiwaka. Moshi ulimwingia jicho la kushoto, akalifumba, na mshumaa aliouwasha ukatoweka. Mingine ya kando ilibaki. Aligeuza shingo kidogo, ukarudi. Akautazama tena moja kwa moja, haupo. Popote alipoelekeza jicho, hapo hapo palikuwa na shimo.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameimaliza katika karakana ya leza kando ya mto Neris, akitega fuwele, yaani kuziweka sawa mbele ya mwanga. Mwanga usioonekana kwa macho huingia upande mmoja wa fuwele, na upande wa pili hutoka mwanga wa kijani. Mwanga dhaifu hauwezi. Hupita tu kama unavyopita dirishani. Lazima uwe mkali kiasi cha kuitikisa fuwele hadi ndani, na fuwele yenyewe ikae kwenye pembe yake barabara. Ukikosea kwa unene wa unywele, kijani hufifia. Vidole vya Liudvika viliijua pembe hiyo kuliko vilivyojua kusuka nywele.

Lakini si mwanga wote unaogeuka. Unaobaki huendelea na safari yake, hauonekani, na nguvu zake unazo. Wageni huogopa kijani. Wenyeji huogopa kile kilichobaki.

Jicho liliharibikaje basi? Kila mtu huvua saa na pete mlangoni na kuziacha kwenye kisahani cha udongo. Pete ya Liudvika ilikuwa haitoki tena, vidole vimevimba, akawa anaizungushia utepe mweusi ili isirudishe mwanga. Siku moja ya Oktoba utepe ulilegea, pete ikaurudisha ule mwanga usioonekana. Naye alikuwa ameinua miwani ya kinga, kidogo tu, kama wote wafanyavyo, maana miwani ile huzuia hata kijani, na mtu atategaje asichokiona? Alisikia mlio mdogo ndani ya jicho, kama punje ya bisi ikipasuka. Basi. Hakuna maumivu. Alimaliza kazi, akaenda zake nyumbani, akala viazi.

Sasa tangazo lilikuwa limebandikwa: kesho wote watapimwa macho.

“Bi Liudvika, unaitazama fuwele kama kuku anayechungulia mwewe,” alisema Ramojus, mkuu wa chumba chao, mtu mnene aliyenukia kitunguu saumu tangu asubuhi.

“Shingo inaniuma.”

“Wiki ya tatu hii! Basi kesho mwambie daktari wa macho akupime shingo.”

Alicheka naye. Wangemtoa chumbani siku hiyo hiyo. Na hilo halikuwa kubwa kama lile lingine: kumsikia daktari akitamka kwamba shimo halitazibika. Maadamu hakuna aliyelitamka, alilala usingizi, japo wa vipande vipande.

“Hebu sogea, mama. Kijani chako leo kimelala.”

Ramojus aliinama juu ya meza, akasukuma miwani hadi kwenye paji la uso. Mkononi alishika bisibisi mpya, inayong'aa, na mkono ulikuwa unanyooka kuelekea nyuma ya fuwele. Liudvika alipajua mahali pale. Hapakuwa na kitu cha kuona. Kiganja chake kikapiga kitufe chekundu.

Mashine ikanyamaza. Kijani kikafa.

“Una wazimu? Itachukua nusu saa kupata moto tena!”

“Vaa miwani.”

“Kila siku tunainua! Ni wewe uliyenifundisha kuinua!”

“Ndiyo. Ni mimi.” “Nyamaza kwanza, Ramojus. Inua hiyo bisibisi mbele ya uso wangu.” Akafunika jicho la kushoto. “Mkono wako nauona. Mpini nauona. Ncha siioni. Tangu Oktoba.”

Ramojus alibaki na bisibisi hewani. Liudvika alingoja amtukane, au aiendee simu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliiweka bisibisi mezani taratibu, kama kitu cha kuvunjika, akaigeukia saa kubwa ya ukutani, na kulifunika jicho lake la kushoto kwa kiganja.

Saa ile hata mtoto angeisoma. Liudvika alihesabu pumzi zake mwenyewe. Nne. Tano.

“Ramojus?”

Alibadilisha mkono, akafunika jicho la kulia, kisha akarudia lile la kushoto. Na shingo yake, polepole, ikaanza kugeuka upande.