Kiraka Ndani ya Koti

Fundi cherehani aliyewashonea suti majambazi wa filamu moja alikuwa hakati kitambaa kabla hajauliza, pini zikiwa mdomoni: "Huyu bwana ana mama?" Mwongozaji alicheka. "Mama, wewe shona tu, wapendeze." Wakapendeza kweli. Kwenye pazia la sinema walielea ndani ya moshi na taa za buluu, uzuri wa mkakasi, wakafa mmoja mmoja huku watu wakitafuna bisi. Mpaka mkubwa wao alipoanguka, koti likafunguka, na kwenye bitana kikaonekana kiraka kilichoshonwa kwa mkono, kwa uzi mwekundu usiolingana na suti. Kutafuna kukakoma. "Masikini," mwanamke wa kiti cha mbele akanong'ona, "kumbe naye alikuwa na mtu." Fundi, aliyekaa nyuma yake, alitulia gizani, midomo ameibana kana kwamba bado ina pini.