Mpira wa Kwanza Bombani

Kwenye uwanja wa gofu wa umma, pale pa kuanzia mchezo, kuna bomba la bati limeinamishwa juu ya vigingi viwili. Ukifika asubuhi unadumbukiza mpira wako wenye alama yako, unaviringika mpaka unagusana na wa mwenzako, na zamu yako ndiyo hiyo. Mwita zamu akiutoa mpira kwa chini, mwenyewe anacheza. Uwe waziri, uwe muuza mkaa, bomba halikuulizi. Ndivyo walivyozoea tangu miti mikubwa ya pale ilipokuwa miche, na Mama Pasi aliupenda utaratibu huo kuliko hata mchezo wenyewe.

Mchezo wenyewe, tuseme ukweli, ulikuwa haumpendi. Mama Pasi kazi yake ni kupiga pasi mashuka ya hoteli, mchana kutwa kwenye mvuke, kwa hiyo nguvu za mikono anazo tele. Shabaha ndiyo shughuli! Alishika fimbo ya gofu akiwa tayari ana wajukuu. Mumewe akamwambia ule mchezo ni wa watu wenye nafasi. "Basi nami nitajipa nafasi," akajibu, na akajipa kweli. Mzee akanuna, akachoka kununa, na siku hizi ndiye anayemfulia soksi zake za uwanjani.

Kila mwaka wachezaji wa kulipwa huja kushindania kombe pale. Wakishaondoka, uwanja hurudishiwa wananchi kesho yake asubuhi, na bendera za mashimo huachwa palepale mabingwa walipozilenga, mpaka saa sita mchana. Baada ya hapo mafundi wa nyasi huyaziba yale mashimo na kuchimba mengine. Nusu siku hiyo Mama Pasi aliitamani miaka nenda miaka rudi. Mara aumwe, mara mkwe ajifungue, mara msimamizi wa dobi amnyime ruhusa. Safari hii hakuomba ruhusa, alitoa taarifa. "Mashuka yatalala na mikunjo yao," alimwambia msimamizi, "hayatakufa."

Kulipopambazuka mpira wake ulikuwa wa kwanza bombani, umechorwa pasi ndogo kwa wino. Mwita zamu ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu mpole asiyependa makuu. Akamtania, "Shemeji, umelala hapahapa nini?"

"Nilale wapi? Usingizi wenyewe umenikimbia."

Wakacheka. Hawajamaliza kucheka, meneja wa uwanja huyo anakuja na wanaume wanne, fimbo zao mpya zinang'aa bado hazijaonja udongo.

"Hawa ni wageni wa wadhamini wa mashindano," meneja akamwambia mwita zamu. "Wataanza wao, halafu na wenzao walioko njiani."

"Wenzao wataisha saa ngapi?" Mama Pasi akauliza.

"Saa sita hivi, mama. Wewe utacheza mchana, uwanja uko palepale."

Uwanja palepale! Na bendera je? Mama Pasi kifua kilimwaka. Hakuona haja ya kuficha. "Mpira wangu ndio wa kwanza," akasema. "Nacheza mimi, halafu hao."

Shemeji yake akamvuta pembeni. "Shemeji, nakuomba. Mwenye nguvu mpishe. Huyu ni bosi wangu, na mimi watoto wangu bado wadogo."

Hilo lilimuuma, maana watoto hao anawapenda, na mdogo wao yeye ndiye aliyemlea. Lakini akatikisa kichwa. "Nimepisha, shemeji. Hospitali nimepisha, ofisini nimepisha, kwenye foleni ya maji nimepisha. Nimepisha mpaka watu wananidhania mlango. Leo sipishi, liwalo na liwe."

Meneja akaangalia saa yake. "Toa huo mpira bombani, tusipoteze muda."

Mwita zamu akasimama kama hakusikia. Meneja akarudia, kwa ukali zaidi. Basi akainama, akaingiza mkono, akautoa mpira.

Mama Pasi alidhani yamekwisha. Hata hivyo akaikita fimbo chini na miguu yake miwili akaipanua. "Mtanibeba," akatangaza. "Na msione hivi, mimi si mwepesi." Wale wageni wakaanza kutazama viatu vyao.

Shemeji aliugeuzageuza ule mpira kiganjani, jasho linamtoka. Kisha akapaza sauti, ileile anayoitia watu kila siku. "Mpira wenye alama ya pasi! Mwenyewe afike!"

"Ala! Nimekwambia nini?" meneja akafoka.

"Umeniambia niutoe, bosi. Nimeutoa. Ukishatoka bombani, mwenyewe anacheza. Sijui utaratibu mwingine."

"Tutaonana ofisini."

"Nitakuja," mwita zamu akasema. Akampa Mama Pasi mpira wake mkononi.

Mama Pasi akauweka mahali pake. Akavuta pumzi, akapiga kwa nguvu zake zote. Lo! Fimbo ikaukwangua mpira utosini, ukajikokota kwenye nyasi, ukasimama palepale mbele, umbali hata kuku angeuruka. Mgeni mmoja akacheka na kujifanya anakohoa. Mwingine, mtu wa adabu, akasogea.

"Mama, kwa hisani yako, tukupite basi? Utatufuata taratibu."

Mama Pasi akautupia mfuko wake wa fimbo begani, akatembea bila haraka mpaka mpira ulipo. Akachagua fimbo nyingine, akapima mkao, akaitafuta bendera kwa macho kule mbali katikati ya miti. Ndipo akamgeukia.

"Hapana, baba. Ngojeni."

Wakangoja.