Mshono wa Watu Wawili

Mume wangu ni fundi makochi. Ukipita uchochoro wa nyuma ya nyumba yetu utaona banda la mabati, na mlangoni fremu za viti zimeegemeana kama watu waliochoka kupanga foleni. Hapo ndipo alipokuwa akishinda, misumari midogo katikati ya midomo, vumbi la sponji kwenye kope. Watu walimwita Kimya. Si kwamba ana maringo. Ukimuuliza kitu anakusikiliza mpaka mwisho, halafu anafikiri, na hadi aje akujibu wewe umeshaondoka zako.

Mwenzake aliyefanya naye kazi aliitwa Redio, na jina hilo halihitaji maelezo. Walikulia mtaa mmoja na kufundishwa ushonaji na fundi mmoja. Redio aliongea na wateja, aliongea na kochi, aliongea na nyundo ikimgonga kidole. Siku ya harusi yetu alipewa nafasi ya kutoa neno moja la rafiki wa bwana harusi, akaongea hadi chakula kikapoa, na mume wangu pembeni anatabasamu tu, maana kila alichotaka kukisema kilikuwa kinasemwa.

Walikuwa na namna yao ya kufanya kazi. Kochi lina mikono miwili, na mafundi wengine wakiwa wawili kila mmoja hushona wake. Hawa hapana. Mmoja alianza kulia, mwenzake kushoto, wakifika nusu wanabadilishana, ili mikono ifanane. Kwa hiyo hapakuwa na mkono wa kochi ambao ungesema huu ni wa fulani. Na mteja akirudi na malalamiko, kiti kimebonyea au mshono umeachia, yule aliyekaa karibu na mlango ndiye aliyesema, "Ni mimi, mama, nisamehe, kilete nikirekebishe." Hata kama hakukigusa. Nilimuuliza mume wangu siku moja, "Sasa mnajuaje nani kaharibu?"

Akafikiri. "Tukijua itatusaidia nini?"

Nikaona ni jambo zuri. Kweli hawakuwahi kugombana.

Halafu wakapata kazi nje ya nchi, kwenye kiwanda kidogo kinachotengeneza makochi ya kupakiwa kwenye makontena. Waliondoka pamoja. Mimi nilikuwa mjamzito, na mimba ilipokuwa nzito nikaanza kuvimba miguu, nikalazwa. Mume wangu akaomba ruhusa. Redio akamwambia, "Nenda kamwone shemeji. Viti vyako nitavimalizia mimi." Akaja, na mtoto akazaliwa, msichana, mweusi wa kumeta, mwenye kidole gumba kinywani tangu siku ya kwanza.

Kitovu chake hakijakauka vizuri, dada yake Redio akaja mbio. Yeye ni msusi, saluni yake iko kona ya barabara yetu.

"Wifi, kaka yupo?"

"Yupo bandani. Kuna nini? Mbona umekuja na kitana?"

Akakitazama kile kitana kama cha mtu mwingine. Alikuwa amemwacha mteja kwenye kiti, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

Habari zenyewe zilikuwa hivi. Polisi wa kule walipasua makochi bandarini, wakakuta dawa za kulevya ndani ya mikono, zimefungiwa kwenye sponji. Mwenye kiwanda alikuwa ameshatoroka. Wakaingia karakana, wakaonyesha picha ya mshono wa ile mikono, wakauliza nani ameshona hapa. Redio alikuwa karibu na mlango. Akasema, "Ni mimi."

Mume wangu aliposikia hivyo alikaa chini juu ya rundo la vitambaa. Dada mtu akasema kwa niaba ya wote, "Mjinga! Kaka yangu mjinga! Kule si kwetu, kule ukisema ni mimi wanaandika!"

Wakili aliyepewa Redio kule akatuma ujumbe baadaye. Redio aliapa kwamba hakujua kulikuwa na nini ndani ya sponji, lakini kule aliyeshona anahesabiwa kuwa ndiye aliyeficha. Alikuwa amekubali kwamba mikono yote aliishona peke yake, kwa hiyo mzigo wote ni wake. Angefungwa miaka sita. Ila kama yule fundi mwingine angerudi mwenyewe, akakiri mbele ya hakimu kwamba kazi ile waliifanya wawili, mzigo ungegawanywa. Mitatu kwa mitatu. Pamoja na ujumbe ilikuja picha ya mshono wenyewe. Wakili alitaka mume wangu aseme kama anautambua.

Hapo ndipo nyumba yangu ilipoanza kuzunguka.

Asubuhi aliikuza ile picha kwenye simu, akaangalia, akasema, "Ni mkono wangu." Akanywa uji. Akaiangalia tena. "Si wangu. Huu ni wa Redio, anavuta sana uzi." Akaenda bandani, akavuta kiti cha zamani walichoshona pamoja, akaweka simu juu yake. Nilimkuta amepiga magoti, pua karibu iguse kitambaa.

"Vipi?"

"Sijui."

"Kumbuka. Wiki ile ya mwisho ulishona vingapi?"

"Nilishona. Alishona. Tulibadilishana." Akajifuta uso. "Mama Mtoto, mimi mwenyewe siujui mkono wangu."

Dada yake Redio alikuwa mlangoni amesikia. "Kaka, wewe unatafuta uzi, mwenzio anatafuta pumzi. Hata kama haukuwa wako, alikuwepo pale kwa sababu ya nani? Nani aliyempa viti vyake amalizie?"

"Dada, mimi nina mtoto."

"Na yeye ana mama. Mmoja, kama wewe. Siku hizi mama yetu anaogopa hata kuzima taa."

Mama mkwe wangu, ambaye alikuja kunisaidia kumwogesha mtoto, alitoka ndani na beseni, maji yanamwagika. "Wewe msusi, sikiliza. Mtoto hata shingo haijakaza, unataka baba yake akajitie pingu kwa mkono wake? Hana kosa! Hakuwepo!"

"Alikuwepo kabla."

"Kabla si siku yenyewe!"

"Mama, wale hawakuuliza siku. Wameuliza mshono."

Mimi nilikuwa katikati, natikisa mtoto, na kila aliyesema nilimwona anasema kweli. Hilo ndilo lililonichosha. Ningekuwa upande mmoja ningelala. Mume wangu akisema, "Siendi," moyo unatulia kidogo, halafu nikimwona anakula vizuri nakasirika, najiuliza huyu anamezaje. Akisema, "Nadhani niende," nalia hadi maziwa yanachuruzika. Nilifua shati lake la safari, likakauka, nikalikunja, nikalikunjua, nikalifua tena. Mama mkwe akaniuliza, "Shati hilo limekukosea nini?"

Miezi ikaenda hivyo. Kule kesi ikawa inaahirishwa, huku mtoto akajifunza kukaa, akajifunza kutambaa. Wakili aliandika tena kwamba hakimu hatasubiri milele. Banda likawa halina wateja maana fundi alichukua kazi ya wiki moja akaikalia mwezi. Alikuwa anashona nusu, anafumua. Anasema mshono unamkodolea macho.

Siku moja alikwenda kununua kitambaa, akasahau simu kitandani. Ikalia. Namba ndefu, ya nje. Nikapokea.

"Haloo?"

Nikasikia mtu anahema.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Shemeji."

Sikuitambua sauti. Nawaambia kweli, mtu aliyeongea kwenye harusi yangu hadi chakula kikapoa, sikuitambua. Nikaanza kuuliza maswali yote kwa pamoja, unaumwa, unakula, wanakupiga. Hakujibu hata moja. Mtoto alikuwa ameshika ukingo wa kitanda analia anataka kubebwa.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni binti yetu. Mwanao huyu."

Nikasikia mlango wa chuma huko, na mtu anapiga kelele kwa lugha nisiyoijua.

"Mwambie asije," akasema. Simu ikakatika.

Nilikaa na ile simu mapajani. Dakika chache nikafurahi, nikijiambia mwenyewe amekataa, basi yameisha, amekataa mwenyewe! Halafu furaha ile ikanitia aibu hadi nikageuza uso, kana kwamba mtoto ananiona. Niliwaza kumwambia mume wangu na niliwaza kutomwambia. Lakini mimi siwezi kuficha kitu usoni pangu; aliporudi na robota la kitambaa begani, hata hajalitua, akauliza, "Nani kapiga?"

"Redio."

Robota likaanguka.

"Kasema nini?"

"Kasema usije."

"Na nini kingine?"

"Basi."

"Basi vipi? Hakusema kuhusu chakula? Kuhusu wale walinzi? Hakutania?"

"Aliuliza nani analia. Nikamwambia ni mtoto. Akasema mwambie asije. Simu ikakatika."

Mume wangu alinitazama muda mrefu. Kwa kawaida akifikiri anatazama chini. Siku hiyo alinitazama mimi.

"Redio kasema maneno hayo tu?"

"Hayo tu."

"Basi wamemmaliza," akasema.

Akaingia ndani, akalichukua lile shati. Sikumzuia. Wala sikumwambia nenda. Mama mkwe alipiga kelele, akaniambia mimi ndiye mke, nikae mlangoni, nijilaze chini kama lazima. Nikamjibu, "Mama, hata nikijilaza atanivuka polepole asiniumize." Akanikodolea macho, kisha akakaa kitandani akalia nami. Mume wangu alimbeba mtoto kwa muda, akamnusa kichwani, akanirudishia kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Dada yake Redio alikuja kumsindikiza. Alikuwa amejiandaa kwa maneno, nilimwona, lakini akaishia kumnyoosha kola.

Wakili alitueleza kilichotokea mahakamani. Hakimu alimuuliza kupitia mkalimani kama mshono wa kwenye picha ni wake. Akafikiri, kama kawaida yake, hadi mkalimani akadhani hajasikia. Kisha akasema, "Sijui, mheshimiwa. Siwezi kusema ni wangu nikadanganya, na siwezi kusema si wangu nikadanganya. Kazi ilikuwa ya wote." Hakimu akaona hilo linatosha. Mitatu kwa mitatu. Ile miezi ambayo Redio alikuwa ameshakaa ndani ikahesabiwa kwake. Ya mume wangu ikaanza siku hiyo.

Watu wa mtaani wananiuliza kama namwonea fahari. Wengine wananiuliza kama simlaani. Nawajibu ndiyo, wote.

Nimeandika haya kwa sababu Redio ametoka. Alikuja moja kwa moja kutoka safari, na mfuko mmoja wa plastiki. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nilikuwa nimeipanga siku hiyo tangu zamani, nitamwambia nini, nitamtazama vipi. Mtu aliyesimama pale alikuwa na mvi kidevuni, na suruali ameifunga kwa kamba.

Binti yangu alinitangulia. Amekua akiambiwa baba yuko safari, atarudi, na hajawahi kuona mwanamume amesimama mlangoni kwetu na mfuko. Akakimbia, akamkumbatia miguu.

"Baba!"

Redio akaniangalia mimi, si mtoto. Mdomo ukafunguka, ukafungika. Kisha akachuchumaa.

"Hapana, mama. Mimi ni baba mdogo. Baba yuko njiani."

"Njiani wapi?"

"Nyuma yangu kidogo."

Mtoto akachungulia uchochoroni kuangalia. Redio akasimama, akasema kwa sauti ya chini, lakini kwa hasira, "Shemeji, nilikwambia asije."

"Nilimwambia."

"Ulimwambia vipi?"

"Kama ulivyosema. Kasema usije."

"Ungenyamaza! Si ungenyamaza tu! Au ungemwambia nacheka, nimenenepa, natukana watu, angekaa!"

Sikuwahi kuliwaza hilo. Miaka yote hii nimejiuliza kama ningemficha au nisimfiche, na sikuwahi kuwaza kwamba ningeweza kumwambia kitu kingine. Nikamtazama, na nikajua kama ningesema uongo ule, mume wangu angekuwa bandani sasa hivi na misumari mdomoni, na huyu hapa angekuwa bado kule ndani. Nikajaribu kuona kama ningependa iwe hivyo. Nilijaribu kweli.

"Na wewe," nikamuuliza, "ulitaka aje au asije?"

Akafungua mdomo tena. Mtoto alikuwa bado anachungulia njia, mkono mmoja umeshika ile kamba ya suruali.

"Sijui," akasema.

Basi nikasogeza ungo wa mchele, apate pa kupita.