Gunia la Kwanza la Rutagengwa

Rutagengwa aliporudi kutoka Karagwe, Tanzania, alileta kijijini kwao Mudende vitu viwili: Kiswahili kilichonyooka na mikono minene kama mihimili. Kwa miaka ishirini alipulizia viazi vyake na vya majirani dawa ya ukungu, na dawa hiyo aliikoroga kwa mkono mtupu, mpaka kwenye kiwiko. Kijiti, alisema, hakina akili. Mkono ndio unaojua kama unga umeyeyuka.

Kisha mashati yakaanza kumpwaya. Akamlaumu fundi cherehani, akailaumu sabuni, hata mkewe Mukagasana akalaumiwa kwa kupika mboga nyingi mno. Muuguzi wa kituo cha afya alimwomba amminye mkono kwa nguvu zake zote. Akaminya. Muuguzi akauliza ataanza lini. Misuli imepungua, akamwambia. Huenda ni umri, huenda ni dawa, vipimo vitasema. Ila kuanzia leo asiiguse dawa bila glavu.

Kilichomkosesha raha ni mavuno. Kwao mwenye shamba hupandisha gunia la kwanza kwenye lori peke yake, majirani wakitazama, na Rutagengwa hakuwahi kusaidiwa. Basi siku ya kupakia akajaza gunia majani makavu, akapanga viazi pembeni na juu. Mukagasana alilishona mdomo, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Gunia likapaa. Lilipaa kupita kiasi, nusura livuke lori liangukie upande wa pili. Watu wakapiga makofi, naye akatembea kama jogoo.

Aliyefurahi kuliko wote ni jirani yake Wellars, aliyekuwa amenunua glavu kwa kuogopa maneno ya muuguzi. Alizivua, akaenda kwenye pipa lake la dawa kando ya njia, akakunja shati.

"Bon, mi nilijua ule muuguzi anatutisha bure," alisema. "Dawa haikufanya wewe kitu, muzee."

Mkono ulibakiza shibiri moja kufika majini. Rutagengwa aliwatazama watu waliokuwa bado wakimsifu.

"Wellars, ngoja. Njoo unisaidie kushusha lile gunia."

"Kushusha? Iko na nini?"

"Majani, ndugu yangu. Majani matupu."

Walicheka mpaka dereva akakaa chini. Wellars alivaa tena glavu huku akifuta machozi. Rutagengwa akashika pembe moja ya gunia la viazi vya kweli, akangoja mtu ashike nyingine.