Maji Yakifika Kwenye Uzi Mwekundu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa bado na miguu ya kupanda mlima bila kuhema, nilimdanganya binti yangu Neema mara mbili kabla ya chai. Alikuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa navuka mpaka kila siku kuuza nyanya Bukavu, upande wa Kongo. "Nakuja sasa hivi," nikamwambia. Aliponing'ang'ania kitenge nikaongeza, "Ejo tutaenda wote."

Unajua kwetu Rusizi, kwa Kinyarwanda, ejo ni kesho na ejo ni jana pia. Mtoto akanikazia macho: "Ejo gani, Maman? Ile yenye ilipita?" Nikacheka, nikaenda zangu. Ujana, loo!

Njia ya mwongo ni fupi. Niliporudi alasiri, nyumba haina mtoto. Mimi na mama mkwe tuliyeishi naye tulimpata chini karibu na daraja la mpaka, peku, malori yanampita ubavuni, anawauliza watu kama "sasa hivi" imeshafika. Nililia kama mimi ndiye mwenye miaka minne.

Mama mkwe wangu, mzaliwa wa kisiwani Nkombo, hakujua kubembeleza. "Unadanganya mutoto, kisha unashangaa anakufwata?" alisema. "Mutoto hajue saa, lakini iko na macho. Umuonyeshe!" Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wangu mimi ulikuwa mama mkwe.

Akachukua kibidoni, kile kidumu kidogo cha maji, akakitoboa kwa sindano, akakitundika juu ya chupa tupu, maji yakawa yanadondoka tone tone. Alikaa siku mbili akipima maji yanafika wapi ninaporudi, ndipo akafunga uzi mwekundu kwenye chupa. "Neema, maji ikifika ku uzi, Maman anarudi." Kisha akanigeukia. "Na wewe, usichelewe."

Kumbe niliyefungwa uzi ni mimi! Siku ya kwanza foleni ya mpakani haikusogea. Nilijua nikichelewa leo, mtoto huyu hataniamini tena, na kesho atarudi kwenye malori. Nilipovuka tu, kile kilima nilikipanda mbio, ndala mkononi, kitenge kinanivuka.

Neema alikuwa amechuchumaa mbele ya chupa, uji ameumaliza, hana hata chozi. Aliponiona akaruka: "Maman, umeshinda maji! Imebakia kidole moja!" Tukachuchumaa wote watatu hadi maji yakagusa uzi, tukapiga makofi kama watu wa arusi.

Leo Neema ni mwalimu wa watoto wadogo hapa Cyangugu. Darasani ana saa yenye rangi nyekundu inayopungua dakika zikienda. Juzi nilikwenda kumtembelea, watoto wanacheza na udongo, mara kasichana kamoja kakapaza sauti: "Nyekundu imeisha!" Wote wakaweka udongo chini, wakaenda kunawa, hakuna aliyelia. Nilipiga vigelegele humo humo darasani. Mwalimu aliona haya, shauri yake!

Basi sikia, mwanangu. Usimpe mtoto "sasa hivi" isiyo na mwisho. Mwonyeshe wakati kwa macho yake, kwa maji, kwa rangi, kwa chochote ulicho nacho. Na rangi ikiisha, wewe uwepo, maana ukikosa mara moja, chupa hiyo inakuwa chupa tu. Mungu akupe watoto wenye kukungojea bila hofu, na akupe miguu ya kufika kabla ya tone la mwisho.