Mbwa Aliyekataa Kuitwa

Sisi tuliokulia Katumba miaka ya tisini, wakati mkoa wa Katavi haujazaliwa na wote tulihesabiwa watu wa Rukwa, tulijua fimbo kabla ya kujua a-e-i-o-u. Nakumbuka asubuhi za kuwahi namba shuleni, ufagio mkononi na dumu la maji kichwani, miguu imeloa umande mpaka magotini. Nakumbuka rede tuliyocheza kwa mpira wa soksi kuukuu, misuku tuliyookota porini tukala mpaka matumbo yakauma, na harufu ya tumbaku ikikaushwa kwenye bani, ile inayoingia kwenye nguo za kanisani na haitoki. Juu ya hayo yote kulikuwa na fimbo. Mwalimu alikuwa nayo, katekista alikuwa nayo, na Data, ndivyo sisi wenye asili ya Burundi tunavyomwita baba, alikuwa na ya kwake imechomekwa juu ya mlango.

Mbwa naye alilelewa hivyo hivyo. Wetu alikuwa na rangi ya udongo, ncha ya sikio moja imekatwa, maana watu waliamini mbwa akikatwa sikio anakuwa mkali. Data alimpa jina la Watasema, kuwasuta majirani waliomsema alipoezeka nyumba kwa bati. Watu wa kwetu hawakupenda kugombana uso kwa uso; ugomvi walimpa mbwa aupeleke. Data aliposimama uani jioni na kuita "Watasema", jirani alijua ameambiwa yeye.

Tatizo la Watasema lilikuwa mayai. Alijua kuku gani ametaga kabla mama hajajua. Tulimtibu kwa dawa zote za enzi zile. Mama alichemsha yai akamtia mdomoni likiwa bado la moto, kwa sababu walisema mbwa akiungua mara moja halambi yai tena maisha yake yote. Watasema alilitema, akasubiri lipoe, akalila. Tukajaza pilipili kichaa kwenye ganda. Akala, akapiga chafya, akatutazama kama kuna lingine. Ikabaki dawa ya Data. Kila yai lilipopotea, Data alimwita kwa sauti tamu, mbwa akaja akitikisa mkia, akashikwa shingo, akachapwa. Mara ya kwanza alikuja mbio. Mara ya pili alikuja akiburuza tumbo chini. Kufikia msimu wa kuchambua tumbaku, ukitaja tu jina lake, anaruka ua na kutokomea kwenye mihogo.

"Huyu akili yake mbovu," Data alikuwa akisema. "Anaitwa, hataki."

Jumapili moja baada ya ibada, mwenyekiti wa kijiji akasimama mbele yetu. Kijiji cha jirani mtoto alikuwa ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa, na hapakuwa na mtu asiyejua maana yake. Jumamosi bwana mifugo angefika uwanja wa shule na sindano za chanjo. Kila mbwa aje ameshikwa na mwenye mbwa. Asiyeshikika, mgambo watakuwepo na bunduki. Alilisema hilo kwa sauti ile ile aliyotumia kutangaza siku ya kufyeka barabara.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nyumbani tulikuwa watoto saba, lakini nilipokaa bani nikichambua majani, aliyekuja kulala miguuni kwangu alikuwa Watasema peke yake, mradi nisitaje jina lake. Nilimpenda. Naweza kulisema sasa. Siku hizo mtoto akisema anampenda mbwa angeulizwa kama na kulima anapenda hivyo.

Jumatatu nilikwenda kwa Mayu Kabula, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilikuja na ng'ombe ikahamia ng'ambo ya kijito. Mbwa wake watatu walikuwa wakubwa na wakali, na yeye aliwaita kwa mluzi tu, wakaacha walichokuwa wanafanya. Watu wazima walipita mbali na mji wake. Nilimkuta anaanika michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa, nikapiga magoti nikamsalimia, nikamweleza shida yangu.

"Nyie mnamwita, halafu mnamfanya nini?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Data anampiga. Kwa sababu ya mayai."

"Yai kala asubuhi. Jioni kaitwa, kaja, kapigwa. Sasa yeye atajuaje kama ni yai? Anajua kapigwa kwa kuja." Akageuza michembe yake taratibu. "Hilo jina mmeshaliharibu, mwanangu. Tafuta lingine ambalo halijafokewa. Na akija, hata kama kaiba kuku wa mchungaji, mpe kitu. Aliyekuja hapigwi."

Nikarudi njia nzima nikitafuta jina. Kila nililolikumbuka la nyumbani kwetu lilikuwa limeshafokewa, langu likiwa la kwanza. Mwisho nikapata Sukari. Sukari tuliionja Krismasi na siku akija mgeni, na sikuwahi kusikia mtu akiikemea.

Nilikuwa na siku tano. Nilificha ukoko wa ugali kwenye mfuko wa sketi. Siku ya kwanza nilimwambia "Sukari" akiwa tayari amelala miguuni kwangu, nikampa kipande. Kesho yake nikamwita akiwa mlangoni mwa bani. Asubuhi nilimfunga kamba ya katani mpaka kuku wamalize kutaga na mayai yaokotwe, kwa kuwa Mayu Kabula alisema mbwa haibi kisichokuwepo. Alhamisi nikamwita kutoka kwenye mihogo, nikaona majani yanatikisika, akatokea. Nikamkumbatia nikalia. Ijumaa akatokea tena, lakini Data akakohoa ndani ya nyumba, mbwa akageuka akakimbia. Nikajua kipigo kimoja tu kikimpata baada ya kuitika, kazi yangu yote imekwisha.

Jioni ile nikamwomba Data nimpeleke mimi. Akanitazama kama ninayeomba kuongoza ibada. "Kesho nitamwita mwenyewe," akasema. "Asipokuja, basi, mzigo umepungua."

Alfajiri, kabla Data hajaamka, nilimwita Sukari kwa sauti ya chini nikamfunga kamba. Tulifika uwanjani jua halijapanda sana. Mimi nimeshika kamba, Data nyuma yangu na fimbo. Sijawahi kuona mbwa wengi hivyo mahali pamoja, wote wanabweka, watu wanavutana na kamba, na pembeni mgambo wawili, mmoja akiwa na bunduki mikononi. Mbwa mmoja alikuwa ameshapigwa risasi. Walikuwa wamemfunika majani ya mgomba lakini miguu ilionekana. Nilibana kamba mpaka viganja vikauma.

Ilibaki watu wanne mbele yetu. Dume moja jeusi likamrukia wetu, wakashikana, kamba ya katani ikakatika. Nilibaki na kipande. Mbwa akachomoka kuelekea porini.

"Watasema!" Data akapaza sauti. "Watasema, njoo hapa!"

Mbwa akasikia jina lake, akaongeza mbio. Mgambo akanyanyua bunduki.

Nilikimbia mpaka katikati ya uwanja nikachuchumaa. Mgambo akaniambia, "Binti, toka hapo." Sikutoka. Nilitaka kupiga kelele kwa nguvu zangu zote, lakini nilijua nikipiga kelele nitakuwa kama Data, na mbwa hatarudi. Nikatia mkono mfukoni. Nikavuta pumzi nikaita kama ninavyoita bani, kana kwamba hakuna mtu: "Sukari. Sukari."

Akasimama. Nadhani watu walishangaa kusikia sukari ikiitwa porini. Akanigeukia, akamtazama Data, akaangalia pori. Nikaita tena. Akaja kidogo kidogo, mkia umebanwa, akafika, nikampa ukoko, nikashika shingo yake kwa mikono miwili.

Ndipo nikaona kivuli cha Data. Alikuwa anahema, fimbo imeshainuliwa, aibu ya mbele ya watu imemjaa usoni. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuizuia fimbo ile.

"Data, amekuja," nikasema. "Ameitwa, amekuja."

Sijui alisimama hivyo kwa muda gani. Kisha mkono ukashuka. Akavua mkanda wake wa suruali, akaniinamia, akamfunga mbwa shingoni, na sindano ikachomwa huku baba yangu ameshika suruali kwa mkono mwingine. Kesho yake wakati wa chakula, nilimsikia uani, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu kipya, akiita, "Sukari." Mbwa alichelewa, lakini alikwenda. Aliishi kwetu miaka mingi baada ya hapo, na mayai aliendelea kuyaiba kila tuliposahau kuyaokota.

Siku hizi nakaa mjini, mtaa wa Nsemulwa. Vijana wa mtaani kwangu wana mbwa wenye majina ya Kizungu, wanawafundisha kwa kutazama video kwenye simu, na mbwa anatoa mkono kama mgeni rasmi. Nawacheka, ingawa naona hawapigi, na hilo wametushinda. Kwa jambo moja tu nilikuwa siwasamehe: hawapokei simu za wazazi. Sisi tukiitwa mara moja tulikuwa tumeshafika. Mwanangu wa mwisho anasoma Mbeya, na mwezi uliopita nilimpigia mara tatu kwa siku moja, simu ikaita mpaka ikakata. Nilikaa kitandani nikizikumbuka simu zote nilizompigia mwaka huu. Moja matokeo ya mtihani. Moja nywele. Nyingine binti aliyepiga naye picha. Sikukumbuka hata moja niliyompigia kumsalimia tu.

Jioni nikapiga tena. Iliita sana, akapokea.

"Shikamoo mama. Nimefanya nini tena?"

Nikamwambia hajafanya kitu, nimetaka tu kujua amekula nini, naye akajibu haraka, "Wali, mama," akisubiri nifike kwenye kosa.