Ndoano Ulimini

Walisema sitaweza kamwe kuvumilia chuma kinywani. Walianza kusema hivyo nikiwa mvulana, siku alipokuja yule fundi kutoka Rangwe na kijichuma chake bapa kuwang'oa vijana wa rika langu meno sita ya mbele ya chini, kama desturi yetu Wajaluo ilivyotaka. Desturi hiyo tuliiita nago. Wenzangu waliketi wakafungua vinywa. Mimi niliruka ua wa mkonge, nikakimbia bila kugeuka nyuma mpaka misheni, nikajipenyeza katikati ya kwaya ambayo hata sikuwa mwanakwaya wake. Tangu siku hiyo, lolote nililotaka kufanya, watu walinikumbusha meno. Nikisema nitasoma, wananiuliza, "Wewe uliyekimbia nago?" Nikisema nitavuka bahari, wananiambia baridi ya huko itanitoa mbio vilevile.

Basi nilisoma. Nilibeba mizigo ya abiria kwenye gati ya Homa Bay nikajilipia karo, nikaenda Uingereza, nikarudi miaka michache baada ya uhuru nikiwa na diploma ya ujenzi wa barabara na madaraja, na meno yangu yote yakiwa mahali pake. Kijiji kizima hapakuwa na mwingine mwenye vitu hivyo viwili kwa pamoja. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Kazi ikanipeleka Suna kupima mahali pa kujenga daraja, na huko nikampata mwalimu wa shule ya msingi ambaye niliamua atakuwa mke wangu. Yeye alikubali. Baba yake ndiye aliyekuwa mlima. Alikuwa mtu wa desturi kwelikweli, na habari za ule ua wa mkonge zilikuwa zimemfikia. Akatuma ujumbe: "Jumamosi aje na watu wake. Lakini sitaki asemewe. Asimame mwenyewe aniambie kwa kinywa chake kwa nini aliogopa nago. Aliyekimbia mara moja anaweza kumkimbia na binti yangu."

Nilifurahi sana. Kama kuna kitu ambacho hakijawahi kunishinda, ni kusimama mbele ya watu nikasema. Nilitunga hotuba nzuri yenye mwanzo wa heshima, katikati ya hoja, na mwisho wa kutoa machozi, na wiki nzima nikawa naisema mbele ya kioo cha kunyolea ndevu.

Alhamisi nikateremka ufuoni kumwona Jaduong', mvuvi mzee rafiki wa marehemu baba, ambaye angeongoza msafara wetu. Nilimkuta amekaa chini anafunga ndoano kwenye ile kamba ndefu ya kuvulia kamongo na kambare. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, aliyojifunza kwa baba yake. Ndoano ya kufuata aliishika kinywani ili mikono yote miwili ipate kufunga. Ilitulia pale penye pengo la meno sita, ncha ikitazama nje, ulimi ukiwa salama nyuma. Aliweza hata kupiga soga nayo.

"Jaduong', nipe nikusaidie," nikamwambia.

"Kazi hii si ya suruali hiyo."

"Nilikuwa nafunga hizi kabla hujaota mvi."

Vijana wawili waliokuwa wanakung'uta nyavu wakacheka. Basi nikavua viatu, nikaketi, nikafunga ndoano ya kwanza vizuri kabisa. Ya pili ilikuwa imeshaunganishwa na kamba. Nikaitia kinywani kama yeye.

"Hiyo toa," akasema Jaduong'. "Wewe huna pengo. Itakaa wapi?"

Hapo ndipo iliponipasa kunyamaza. Lakini wale vijana walikuwa bado wanacheka, nami nikainuka niwageukie, niwaambie kwamba mtu aliyesimamisha daraja hawezi kushindwa na chuma cha kuvulia kambare. Sikufika hata kwenye daraja. Nilikuwa nimekanyaga kamba ileile ya ndoano yangu. Nilipoinuka, ikanyooka.

Ndivyo nilivyotobolewa ulimi kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na mtoboaji nikawa mimi mwenyewe. Ndoano ilipita chini ikatokea juu. Jaduong' aliikata kamba kwa kisu, akanitazama kwa utulivu kama anavyotazama samaki, akasema, "Sasa twende zahanati. Usijaribu kunieleza kitu."

Dresa wa zahanati alikuwa mtu mfupi mwenye vidole vinene. Alieleza kwamba ndoano haivutwi kurudi ilikotoka, kwa sababu ya kile kijino chake kinachomzuia samaki asichomoke. Ni lazima isukumwe mbele, kijino kikatwe kwa koleo, ndipo shina lirudi. Akaushika ulimi wangu kwa kitambaa. "Ukitaka kulia, lia sasa," akasema. "Nikianza utanitikisia."

Jaduong' alinishika kichwa. Sikutoa sauti. Machozi yalitoka, lakini macho nayo yana mambo yake, na spiriti ya pale ilikuwa kali. Dresa mwenyewe alisema amewahi kuona askari polisi akianguka kwa jambo dogo kuliko lile. Kisha akanipa maji ya chumvi ya kusukutua, akanikataza kusema hata neno moja mpaka uvimbe uishe.

Waya, yaani shangazi yangu, dada ya baba aliyenilea, aliponiona jioni alikaa kitini taratibu. Nilimwandikia kwenye karatasi kwamba tuahirishe safari. Akaisoma, akaikunja.

"Tukiahirisha, mzee wa Suna atasema umekimbia tena," akasema. "Utakwenda na ulimi huohuo. Nitakukopesha wangu, na Jaduong' atakukopesha wake. Utatulipa."

Jumamosi tukapanda basi. Liliposimama Rodi Kopany, Waya alininunulia uji, na kabla sijaumaliza kila mama aliyekuwa anauza ndizi pale alikuwa anajua kwa nini naunywa kwa kijiko.

Kwa mzee wa Suna tuliketishwa karibu na mlango, kama wageni wa posa wanavyoketishwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote. Salamu zilipokwisha akanigeukia.

"Nasikia una diploma. Haya, nieleze kuhusu nago."

Nikasimama. Ile hotuba yote ilikuwa kichwani, mwanzo, katikati na mwisho. Nikainamisha kichwa, basi.

"Amekataa kusema na mimi?"

"Hajakataa, baba," akasema Waya. "Ulimi umetobolewa na ndoano."

"Na umetobolewa wiki hii hii ninayomwita."

"Ningekuwa mimi nisingeamini pia," akasema Jaduong'. "Lakini ndoano yenyewe hii hapa." Akatoa mfukoni kile kipande kilichokatwa, akakiweka mezani.

Mzee akakigeuza kwa kidole. "Toa ulimi," akaniambia.

Waya akashika kinywa. Kumtolea ulimi baba mkwe, siku ya kwanza, ndani ya nyumba yake. Katika mambo yote niliyoogopa juu ya siku ile, hilo halikuwamo. Nikamtazama Jaduong', akakubali kwa kichwa. Nikautoa.

Mzee alivaa miwani, akanivuta mkono mpaka mlangoni penye mwanga, akautazama upande wa juu, kisha akaniashiria niupinde atazame chini. Jikoni nilisikia mtu akibana kicheko, na nilimjua.

"Alilia?" mzee akauliza.

"Machozi yalitoka," akasema Jaduong'. "Sauti haikutoka. Mimi ndiye niliyemshika kichwa."

Mzee akavua miwani, akacheka, nalo pengo lake la meno sita likaonekana lote. "Mimi sauti ilitoka," akasema. "Walinishika watu wanne. Kaa chini, mwanangu. Chuma umekionja. Na tangu nianze kuposewa mabinti, huyu ndiye mchumba wa kwanza aliyenyamaza akanisikiliza."

Mambo ya ng'ombe yakazungumzwa siku ileile. Mke wangu husema mpaka leo kwamba kama ningeweza kutoa ile hotuba, baba yake angenifukuza kabla ya chai. Sikubaliani naye. Ilikuwa hotuba nzuri mno.

Deni la Jaduong' lilisubiri mpaka mwanawe alipopata mchumba Rangwe, akaniomba niwe msemaji wa msafara. Nilisema mpaka wenyeji wakasahau chakula kikipoa. Hata ule mwisho wa kutoa machozi niliutumia, na mama wawili walijipangusa. Binti tukampata. Jaduong' akanishika bega, akasema tumelipana.

Jioni hiyo tuliporudi nyumbani kulikuwa na wageni wengi, na Waya akaniita mbele yao.

"Mimi bado hujanilipa," akasema. "Sitaki unisemee popote. Nataka unyamaze mpaka nimalize."

Akaanza kuwasimulia habari za ndoano. Alisimulia vizuri, huo ni ukweli, hata kamba niliyoikanyaga hakuisahau. Lakini alipofika zahanati akasema, yeye ambaye hata hakuwapo, kwamba nililia mpaka viboko wa ziwani wakaondoka Homa Bay na kuhamia ng'ambo. Watu wakaanguka kwa kicheko, mke wangu akiwa wa kwanza. Jaduong' alikuwa anatazama miguu yake. Wote wakanigeukia kungoja nijitetee, na majibu nilikuwa nayo, tena yamepangika.

Nikasukuma ulimi kwenye kile kikovu chake, nikaubana kwa meno yangu yote, nikalipa.